Muulize Bi Masjala: Barua ya mtoto imekwama mlango gani?

Wasomaji wapya wananiuliza kwa nini naitwa Bi Masjala. Ni kwa sababu nilikaa masjala ya elimu hapa Tanga tangu 1986 hadi 2019, nikipokea barua, nikizipiga mhuri, nikizitia kwenye mafaili na kuyabeba mafaili hadi mezani kwa wakubwa. Sijafundisha hata kipindi kimoja maishani mwangu. Lakini barua za walimu, za wazazi, za wakaguzi na za hao wakubwa zote zilipita mikononi mwangu, na mtu akishika barua za watu miaka 33 hakosi kujua nyumba imejengwaje. Kikapu cha mwezi huu kimejaa sekondari tupu. Ni Januari, sishangai.

SWALI: Shikamoo Bi Masjala. Mwanangu amemaliza darasa la saba kwa wastani wa A. Mtoto wa jirani naye ana A, yeye kapelekwa bweni, wangu kapangiwa shule ya kutwa hapa hapa mjini, tena si ya karibu. Nimepiga simu wizarani, nimekwenda kwa mwalimu mkuu wake wa msingi, kila mtu ananisukumia kwa mwenzake. Nani aliyewapanga watoto hawa, na nimwone nani?
– Mama wa Makorora, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa A. Tuanze na hiyo A, maana naona ndiyo inayokuuma. Mtihani wa darasa la saba una masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Mtoto mwenye 241 ana A, na mwenye 298 ana A. Matokeo yanayobandikwa yanakuonyesha herufi, alama hazionekani. Kwa hiyo wako na wa jirani wanaweza kushika herufi moja, na kati yao pakawa na alama hamsini. Sisemi ndivyo ilivyo kwa watoto wenu. Nasema usimnunie jirani kwa ajili ya herufi.

Baraza la Mitihani kazi yake inakoma kwenye matokeo. Wanaopanga nani aende wapi ni ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ile sote tunayoiita TAMISEMI, wakishirikiana na mikoa. Wanaanzia juu kushuka. Wenye alama za juu kabisa huenda shule tulizokuwa tukiziita za vipaji maalumu, kina Kibaha, Ilboru, Mzumbe, Kilakala, Msalato. Wapo wanaopelekwa shule za ufundi, na mojawapo iko hapa kwetu, Ufundi Tanga, ile iliyoanza zama za Wajerumani miaka ya 1890 na ambako gazeti la Kiongozi lilikuwa likichapwa. Marehemu babu yangu mpaka anakufa aliiita skuli ya Mdachi. Kisha zinafuata bweni za kawaida. Wanaobaki, na hao ndio wengi mno, hupangiwa shule za kutwa. Vitanda vya bweni ni vichache kuliko A zinazopatikana, basi. Hapo usitafute mchawi.

Sasa kwa nini wizarani hawakukusikiliza? Shule ya sekondari ya serikali ina wakubwa wawili, na hili ndilo linalowachosha wazazi kuliko jambo lolote nililoliona katika kazi yangu. Chukua mfano wa jahazi. Wizara ya Elimu ndiyo inayosema chombo kiende bandari gani, kipakie nini, na ndiyo inayotuma watu kugonga mbao waone kama zimeoza. TAMISEMI, kupitia mkoa na halmashauri, ndiyo yenye mabaharia, matanga na mapipa ya maji. Ukiwa na neno juu ya mtaala au kitabu cha kiada, hilo ni la wizara na Taasisi ya Elimu yake. Karatasi ya mtihani ni la Baraza la Mitihani. Lakini mtoto kapangwa wapi, mwalimu hayupo, choo kimejaa, dawati limevunjika: hayo yote si ya wizara, hata upige simu mpaka vocha iishe.

Na huko halmashauri napo uangalie. Mkoa wetu una wilaya nane lakini halmashauri 11. Tanga Jiji, Muheza, Mkinga, Pangani na Kilindi zina moja moja. Handeni ina mbili, ya Mji na ya Wilaya. Korogwe vivyo hivyo. Lushoto ina yake, na Bumbuli, iliyo ndani ya wilaya hiyo hiyo, ina yake. Sikwambii nilipokea barua ngapi za watu wa Korogwe mjini walizomwandikia Mkurugenzi wa Wilaya. Barua ya namna hiyo haitupwi, ila inazunguka, na wewe nyumbani unahesabu siku.

Turudi kwa mwanao. Kwanza mpeleke akaripoti huko huko alikopangiwa, hata kama sare haijakamilika. Mtoto asiyeripoti hana shule ya kuhama kutoka. Akishaandikishwa, andika barua kwa mkuu wa shule aliko, ueleze sababu. Shule unayoitaka nayo mkuu wake akubali kwa maandishi kwamba ana nafasi; neno la mdomo la "mlete tu" usilitegemee. Shule zote mbili zikiwa ndani ya Jiji, ruhusa inatoka ofisi ya Mkurugenzi wa Jiji, kwa Afisa Elimu Sekondari. Ukitaka kumtoa Jiji umpeleke Muheza, hapo umevuka mpaka wa halmashauri, jambo linapanda mkoani. Ukitaka Kilimanjaro, ofisi za mikoa miwili zitaandikiana. Na usingoje mpaka afike kidato cha pili au cha nne akiwa ameshasajiliwa kwa mtihani, maana pale hata karani atakutazama kwa huruma. Sababu zinazoeleweka ni umbali, maradhi, mzazi kuhamishwa kikazi. "Shule ile inafaulisha" si sababu. Ninaijua hamu yake, lakini barua za sababu hiyo nilizitia mafailini bila idadi na sikumbuki ikitoka hata moja.

Nikupe na kisa changu mwenyewe ucheke. Mwanangu wa pili alipoingia kidato cha kwanza alikuwa anatoka Duga kwa baiskeli, na baiskeli ya Tanga unaijua, breki ni ndala. Nikaandika barua ya kumhamisha. Mimi, karani wa masjala, ninayewafundisha watu kuandika barua. Juu nikaweka YAH: UHAMISHO, nikapiga mstari, nikaridhika. Mwenzangu aliyeipokea akaona "uhamisho" akaitia faili la uhamisho wa walimu. Ikakaa humo miezi minne. Mganga hajigangi. Kwa hiyo wewe andika: YAH: OMBI LA UHAMISHO WA MWANAFUNZI, kisha jina lake kamili, kidato, shule anayotoka na shule anayokwenda, yote katika mstari ule mmoja. Nakala tatu.

SWALI: Bi Masjala, shule ya kata yetu haijawa na mwalimu wa Fizikia tangu mwaka jana. Wazazi tulichanga nauli, tukawatuma watu wawili hadi Tanga mjini kwa Afisa Elimu wa Mkoa. Walipokewa vizuri, wakaambiwa warudi halmashauri. Nauli ya kutoka milimani unaijua. Huyu wa mkoa si ndiye mkubwa wao wote?
– Mzazi, Lushoto

JIBU: Mkubwa ni mkubwa, ila ukubwa wake si wa namna mnayoifikiria. Afisa Elimu wa Mkoa anakaa katika ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa. Anaratibu, anashauri, anafuatilia halmashauri zote 11 na kuziuliza kulikoni. Mwalimu wa kumtoa mfukoni hana. Mwalimu wa sekondari ya serikali mwajiri wake ni Mkurugenzi wa halmashauri, na anayemshikia Mkurugenzi kazi hiyo ni Afisa Elimu Sekondari, pale pale kwenu.

Zamani haikuwa hivyo, na ndiyo maana wazee wengi bado wanakimbilia juu. Sekondari zilikuwa za wizara moja kwa moja. Mwaka 2009 zikakabidhiwa halmashauri. Nakumbuka wiki ile tulivyofunga mafaili kwa kamba ya katani (Tanga tunaweza kukosa chochote, katani hatukosi), fungu la Kilindi huku, la Pangani kule, na Lushoto fungu moja kubwa la kubebwa na watu wawili kwa sababu Bumbuli haikuwa halmashauri bado. Gari likaondoka nikabaki na makabati matupu yananuka vumbi. Tangu siku hiyo jina la mwalimu wako, mshahara wake na pengo lake vinakaa halmashauri.

Pengo lenyewe lina historia. Mpango wa maendeleo ya sekondari ulianza 2004, na baada ya hapo kila kata ikaambiwa ijenge. Tulijenga kweli, wananchi walibeba mawe. Lakini jengo unalijenga kwa miezi na mwalimu wa Fizikia unamjenga kwa miaka. Ndipo wakaja walimu wa leseni waliofundishwa haraka haraka, wale nyinyi mitaani mliowaita voda fasta. Wengine walikuja kuwa walimu wazuri sana, niseme kweli, na barua zao za kujiendeleza nilizipokea mimi. Ila masomo ya sayansi yaliachwa na upungufu ambao hadi leo haujazibwa.

Mfanye hivi. Mkuu wa shule ndiye katibu wa bodi ya shule, mwombeni jambo liingie kwenye ajenda ya kikao ili liandikwe kwenye muhtasari. Muhtasari una nguvu kuliko wajumbe wawili waliochoka na safari. Afisa Elimu Kata apate nakala. Kisha barua iende kwa Afisa Elimu Sekondari, nayo iwe na hesabu: kidato cha kwanza hadi cha nne wako wangapi, wangapi wanasoma Fizikia, mwalimu wa mwisho aliondoka mwezi gani. Ndani ya halmashauri yake anaweza kuhamisha mwalimu kutoka shule yenye watatu kumleta isiyo na hata mmoja. Akijibu kwa maandishi kwamba halmashauri nzima haina wa kugawa, hapo ndipo mkoa unapoingia, kwa kuwa mkoa unaweza kumvusha mwalimu kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Wajumbe wenu walikuja mlango wa kweli, ila walikuja kabla ya zamu yake.

Kama tatizo lingekuwa mwalimu yupo kwenye orodha ya mishahara lakini darasani haonekani, hilo lina njia nyingine, Tume ya Utumishi wa Walimu, yenye ofisi wilayani. Na kama yupo, anaingia, lakini watoto hawaelewi kitu, ndiyo kazi ya wathibiti ubora, wale wa zamani tuliowaita wakaguzi. Hao ni watu wa wizara, ndiyo maana hamuwakuti jengo la halmashauri. Wataandika taarifa na mapendekezo. Kumhamisha mtu hawawezi, msiwalaumu.

SWALI: Mwalimu mkuu na mkuu wa shule si mtu mmoja?
– Msomaji, Kange

JIBU: Si mmoja. Mwalimu mkuu ni wa shule ya msingi, mkuu wa shule ni wa sekondari. Ukikosea kwenye maongezi hakuna neno. Ukikosea juu ya bahasha, halmashauri ina maafisa elimu wawili, mmoja wa awali na msingi na mwingine wa sekondari, na barua yako itakwenda kumsalimia yule asiyehusika.

SWALI: Shikamoo bibi. Nimepata Kiswahili B; Historia, Jiografia, Uraia na Kiingereza C; Baiolojia na Kemia D; Hisabati F. Rafiki zangu wanasema F ya Hesabu inanifungia kidato cha tano. Ni kweli? Na je, nikichaguliwa nitapelekwa hapa hapa mkoani?
– Kijana wa kidato cha nne, Muheza

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Chukua kalamu. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Wanahesabu masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. Kiswahili 2, C zako nne ni 12, D mbili ni 8. Jumla 22. Daraja la kwanza linaanzia 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25. Wewe una la tatu, umelikosa la pili kwa pointi moja tu, na najua hilo litakunyima usingizi siku mbili. Hisabati ni somo la nane kwako, haikuingia hata kwenye hesabu. Hao rafiki zako waambie wakahesabu upya na zao.

Kidato cha tano serikalini wanatazama pointi zisizozidi 25 na C au zaidi katika masomo ya tahasusi unayoiomba, yaani yale matatu utakayoyasoma kwa pamoja. Una C au B kwenye Historia, Jiografia, Kiswahili na Kiingereza, kwa hiyo HGK (Historia, Jiografia, Kiswahili), HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) na HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) zote mlango wake uko wazi kwako. Sasa tahasusi zimeongezeka, zimefika 65 tangu 2024, usikimbilie zile tatu tulizozoea kuzisikia kabla hujasoma orodha nzima. Ile fomu ya machaguo mnayoiita Selform kumbuka si jiwe. Matokeo yakitoka TAMISEMI hufungua dirisha la kubadili, na wengi hulikosa kwa kuwa wamelala. Na kustahili si kuchaguliwa, nafasi zinagombaniwa. Weka na chuo cha kati katika machaguo yako, si aibu.

Hapa hapa mkoani? Usiniombee hilo. Kidato cha kwanza kwa wengi ni cha kata na halmashauri, lakini cha tano ni cha nchi nzima. Mtoto wa Muheza anapelekwa Sumbawanga, wa Sumbawanga analetwa Galanos au Korogwe Wasichana. Ada ya kidato cha tano na sita imefutwa tangu 2022, nauli haikufutwa. Anza kuweka akiba ya machungwa.

SWALI: Bi Masjala, mwenzangu. Mjukuu wangu aliacha shule kidato cha pili kwa ujauzito. Mtoto wake sasa ana miezi saba. Watu wananiambia jina lilishafutwa, harudi tena. Na mwenyewe usiku namkuta anasoma madaftari ya zamani kwa tochi ya simu. Niwasikilize watu?
– Bibi, Mkinga

JIBU: Mwenzangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na nimeijibu ya mwisho ingawa hapa nimeipanga katikati.

Barua za kuwaachisha shule wasichana zilikuwa fupi. Jina, kidato, tarehe, sababu, sahihi. Mistari minne. Barua ya kuomba chaki ilikuwa ndefu kuliko hizo. Mimi nilizipa namba ya folio na kuzitia failini miaka mingi, na majina mengine nilikuwa nawajua mama zao. Sikuwa na la kufanya, lakini sikusahau.

Mambo yamebadilika. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba mwanafunzi aliyeacha shule kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi, na ukatoka Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unaoeleza hivyo. Kwa hiyo anayekwambia jina limefutwa anazungumza habari za zamani. Uandike namba hiyo ya waraka kwenye kikaratasi uende nayo. Mara nyingine mtu mwenye mhuri hajasoma waraka, na ukimtajia namba sauti yake hushuka.

Lipo jambo la muda. Waraka unatoa miaka miwili tangu kuacha. Mtoto akiwa na miezi saba mko ndani, lakini msikae. Nenda na mjukuu wako kwa mkuu wa shule aliyosoma, siku ya kazi, asubuhi. Barua iandikwe na wewe kama mlezi: YAH: OMBI LA KUREJEA SHULENI, jina, kidato alichoachia, mwezi alioacha. Kama hakufanya upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, ajiandae kurudi kidato cha pili hicho hicho, na umwambie mapema nyumbani asije akalia ofisini. Swali ambalo utaulizwa bila shaka ni nani atakaa na mtoto. Usijibu "Mungu atasaidia", ingawa atasaidia. Jibu kwa jina: nitakaa naye mimi, na Jumatano ninapokwenda mnadani atakaa naye shangazi yake.

Akisema anaona haya kurudi kwa wale wale waliomwona na tumbo, mwache aseme, si ujinga. Njia ya uhamisho ni ile niliyomweleza Mama wa Makorora, na barua zote mbili zinaweza kuandikwa siku moja. Na hata kama muda ungepita, ipo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Huko husoma sekondari kwa muda mfupi zaidi, anafanya Mtihani wa Maarifa, kisha anakaa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Cheti kinatoka Baraza la Mitihani lile lile. Ila mimi ningeanza na shule yake.

Halafu mnunulie taa. Tochi ya simu inachosha macho.

SWALI: Elimu bure, elimu bure, na kila wiki mtoto anarudi na mchango. Tuelewe vipi?
– Baba wa watatu, Pangani

JIBU: Kilichofutwa tangu Januari 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne ni ada, ile ya 20,000 kwa kutwa na 70,000 kwa bweni, pamoja na ada za mitihani. Sare, madaftari, kalamu na nauli ni vyako kama zamani. Chakula cha mchana shule ya kutwa ni makubaliano ya wazazi wenyewe kwenye mkutano, na kama hukuhudhuria mkutano, basi kuna waliokukubalia. Mchango wowote mwingine uulizie kibali kiko wapi na fedha zinaingia akaunti gani. Mwaka 2018 Rais Magufuli alikataza walimu kushika michango mikononi mwao. Kumfukuza mtoto darasani kwa sababu hiyo hairuhusiwi. Likitokea, mkuu wa shule kwanza, kisha Afisa Elimu Sekondari. Wala usimtume mtoto aje na ujumbe wa matusi. Nenda mwenyewe, umevaa vizuri.

SWALI: Mwanangu alianza darasa la tatu mwaka 2024. Dada yake amemtangulia darasa moja. Nasikia watamaliza pamoja. Inawezekanaje?
– Mama, Handeni

JIBU: Inawezekana, na umeambiwa kweli. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi inakuwa miaka sita, na darasa la tatu la 2024 ndilo la kwanza kuushika. Hilo linafika la sita 2027. Dada yake, aliyekuwa la nne 2024, yumo kwenye mtaala wa zamani, anafika la saba mwaka huo huo. Kwa mpango huo Januari 2028 nchi nzima madarasa mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mkupuo mmoja. Piga hesabu ya madawati. Sekondari ya kutwa hapo kwenu ikianza kuongeza vyumba, ujue sababu, na ukiitwa kusomba mchanga usijifiche. Nawe nyumbani sare mbili, mabegi mawili, siku moja. Huko watakuta pia mikondo miwili, wa jumla na wa amali wenye fani za mikono. Niulize tena karibu na wakati, nitakuwa nimekusanya ya kutosha kujaza safu nzima.

SWALI: Kila mwezi nakala tatu, nakala tatu. Kwani mbili hazitoshi?
– Mchovu wa foleni, Ngamiani

JIBU: Hazitoshi. Moja inabaki kwa mkuu wa shule. Ya pili inapanda kwa wakubwa. Ya tatu unaipitisha dirishani ipigwe mhuri wa IMEPOKELEWA, unarudi nayo nyumbani, unaitia kwenye bahasha moja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Steshenari hapo Ngamiani nakala ni shilingi mia. Na kabla hujaondoka dirishani isome tarehe ya ule mhuri, hasa ukienda Jumatatu asubuhi. Karani husahau kugeuza ile ya Ijumaa. Mimi nilikuwa nasahau.